Siku Mama Alipokagua Shule Mbili

Wiki iliyopita mume wangu alirudi nyumbani na kijitabu cha shule moja ya binafsi, karatasi zinang'aa, akakiweka mezani juu ya madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nasahihisha. Si pembeni, juu yake kabisa. Binti yetu wa kwanza amemaliza darasa la saba, na kwa mume wangu mjadala umeshakwisha: mtoto aende binafsi. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa serikali, nafundisha hesabu sekondari ya kata hapa hapa Tabora mjini, sasa watu watasemaje wakiona mtoto wangu anapita mbele ya geti langu ndani ya basi la shule nyingine? Akaniangalia, akauliza taratibu kabisa, "Sema kweli. Wewe ungempeleka mtoto kwako?"

Nikaenda jikoni nikajifanya naangalia maharage. Na huko jikoni, ndugu yangu, ndipo nilipomkumbuka mama, na ule mwaka ambao yeye na baba walivutana juu yangu mimi.

Sisi ni watu wa Urambo, kijiji cha ndani, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka stesheni. Tulilima tumbaku kama kila mtu. Mvua zikipungua, kijiji kizima kilinuka moshi na asali chungu, maana kila nyumba ilikuwa na bani lake, kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia majani kwa moto. Nguo za shule zilinuka bani, ugali ulinuka bani, hata kanisani ulimtambua aliyekaa nyuma yako kwa harufu tu. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kutunga majani kwenye fito na kupeleka kuni. Tukirudi tunatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka vinakuwa vigumu kama ubao, unakimumunya kimoja tangu bani mpaka kisimani.

Lakini kazi ya kuchambua hatukuachiwa. Hiyo ilikuwa ya mama. Alikaa kwenye gunia, mlango wazi ili mwanga uingie, jani moja moja anaangalia rangi, anapapasa, anaweka kwenye fungu lake. Majani ya chini huku, ya juu kule, yenye madoa peke yake. Alikuwa haongei. Jirani yetu mmoja alisema mama akishika jani anaweza kukuambia lilikaukia upande gani wa bani, na sidhani kama alitia chumvi sana.

Sasa nikuambie siri ya watu wa tumbaku, ingawa kila mtu Urambo anaijua. Tumbaku inafungwa kwenye marobota. Ukitazama robota kwa nje, majani ni mazuri yote, rangi ya machungwa, yamelala vizuri. Ndani hujui. Wapo waliokuwa wanaficha uchafu katikati: majani mabovu, wengine hata mchanga, ili robota liwe zito. Ndiyo maana siku ya soko yule mteuzi, mtu anayepanga daraja la tumbaku, haangalii nje. Anaingiza mkono katikati ya robota, anachomoa jani la ndani kabisa, analinusa. Wakulima wamesimama, hakuna anayekohoa. Nimeona wanaume wazima wakitokwa jasho asubuhi ya baridi kwa sababu ya jani moja.

Mama alikulia humo. Alikuwa hamwamini mtu yeyote aliyependeza sana. Mgeni akija na sifa nyingi, mama anamkaribisha, anampa maji, kisha akiondoka anasema, "Huyo nimeona nje yake tu." Hata padri mpya alipokuja, watu wakimsifu kwa mahubiri, mama alisema tungoje kwanza mvua zinyeshe barabara iharibike, tuone kama atakuja kutembelea wagonjwa.

Basi, nikamaliza darasa la saba. Mwalimu wangu alikuwa amemhakikishia baba kwamba nitafaulu, na kufaulu kwetu maana yake ilikuwa sekondari ya kata. Hiyo sekondari ilikuwa na miaka mitatu tu. Matofali yake tulifyatua sisi wenyewe, mama alibeba maji ya kuchanganyia udongo, na ilikuwa na madarasa manne, madirisha hayana vioo, na jengo la maabara lililoishia kwenye linta bila paa, mbuzi wanapumzika ndani. Walimu walikuwa watatu, pamoja na mwalimu mkuu. Watatu kwa shule nzima.

Ndipo jirani yetu mwenye duka alipoanza kumfuata baba. Mtoto wake alikuwa anasoma shule ya bweni ya binafsi huko Tabora mjini, na likizo alirudi na soksi nyeupe mpaka magotini, anasema kizungu na kuku. Jirani akamwambia baba, "Ndugu yangu, kule kwa kata unapeleka mtoto akaote jua tu. Mtoto ana akili huyu. Usimuue." Baba akalishika hilo. Akawa tayari kuuza ng'ombe wawili.

Mama alisikiliza yote, halafu akauliza swali moja: "Huyu jirani, hata chumvi hajawahi kutuongezea dukani. Leo anatupendea nini?" Baba akakasirika, akasema mama ana roho ya kutu. Mama akasema inawezekana, lakini hakuna shule atakayoipelekea damu yake bila kuiona kwa macho. Si ile ya mjini, si hii ya kata. Hakuiamini hata moja kati yao, zote mbili atazifungua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la karanga, nasikiliza kila neno. Maana nakuambia ukweli, mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilizitaka zile soksi.

Tulikwenda Tabora kwa basi la asubuhi, mama na mimi. Alivaa kitenge chake cha Krismasi. Mkurugenzi wa shule alitupokea getini mwenyewe, bwana mnene mwenye sauti laini, akatuketisha ofisini akaagiza soda mbili na biskuti. Mimi niliimaliza yangu kwa mafunda matatu. Mama hakuigusa. Baadaye aliniambia, "Soda inakuja kabla ya maneno? Hapo tayari nilishajua kuna kitu."

Tukatembezwa. Hee, nilidhani niko peponi! Maua yamepangwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa, vitanda vya chuma vimetandikwa, chumba cha kompyuta nne zimefunikwa vitambaa. Darasani watoto walisimama wote kwa pamoja wakatuamkia kwa kizungu kama wimbo. Msichana mmoja akanitabasamia. Nikamwona tayari rafiki yangu, tayari tumelala vitanda vya jirani.

Mama akasema, "Naomba kuona madaftari." Mkurugenzi akafurahi, akachukua matatu yaliyokuwa yamepangwa juu ya kabati. Mama akamrudishia. "Hapana baba, si haya. Lile la yule mtoto pale." Akanyoosha kidole katikati ya darasa, mstari wa tatu, mtoto mdogo mwenye miwani. Mtoto akamtazama mkurugenzi kwanza, kisha akaleta. Mama hakufungua ukurasa wa kwanza. Alilishika daftari kama anavyoshika robota, akaingiza kidole gumba katikati, akafungua. Hakuna kitu. Kurasa na kurasa za mwandiko wa mtoto, hakuna vema, hakuna kosa, hakuna kalamu nyekundu iliyopita. Akafungua la mwingine, na la mwingine. Mwanzoni nyekundu tele, katikati kimya.

"Mwalimu wa somo hili yuko likizo ya uzazi," mkurugenzi akasema.

Mama akaangalia tarehe. "Tangu mwezi wa tatu? Na huu ni wa kumi. Anazaa nini huyo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Watoto wa nyuma walicheka. Mkurugenzi naye akacheka, kile kicheko cha midomo tu, akasema mambo ya kitaalamu ni magumu kidogo kwa mzazi wa kijijini kuyaelewa. Mama akamshukuru kwa ukarimu wake, na tukaondoka. Kwenye basi nililia kuanzia Tabora mpaka tunakaribia kushuka. Mama hakunibembeleza. Alininunulia mahindi ya kuchoma, akayaweka mapajani mwangu, akatazama dirishani.

Kijijini kwetu habari haina miguu lakini inafika. Siku mbili tu, na pale mashine ya kusaga, kwenye foleni ya wanawake, watu walikuwa wanaigiza mama anavyofungua daftari. Baba alikuwa haongei naye. Alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba binti yake anakwenda bweni. Na mama, kosa alilofanya, akatangaza pale pale mashineni kwamba Alhamisi zamu ya shule ya kata. "Nao nitawachomoa katikati," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Alhamisi ikafika. Mwalimu mkuu wa kata alikuwa mwembamba, koti moja mwaka mzima, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na shamba la tumbaku na bani kama sisi wote, maana mshahara peke yake haukumtosha. "Mwangaluka," akatuamkia kwa Kinyamwezi. Hakutoa soda wala biskuti, alitupa benchi. Akaleta madaftari ya hesabu ya kidato cha kwanza, yote, amekumbatia rundo mpaka kidevuni, akayaweka mbele ya mama. "Chagua mwenyewe, mama."

Mama akachomoa la chini. Akafungua katikati. Jamani, nyekundu! Vema, kosa, "rudia," "angalia hapa," "umesahau alama." Akachomoa jingine, nyekundu. Kumi aliyafungua, kumi yote katikati yamesahihishwa hesabu kwa hesabu. Mwalimu mkuu amesimama, mikono nyuma. Mama akayapanga madaftari vizuri kama alivyoyakuta, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mtoto utaletewa."

Ndivyo nilivyohukumiwa, kwa sentensi moja. Nilimchukia, sikufichi. Likizo yote ile nilikuwa nikimwona mtoto wa mwenye duka anapita na soksi zake.

Januari nikaanza kidato cha kwanza. Madawati hayakutosha, wengine tulipelekwa kukaa na kidato cha pili vipindi vya mchana, na mimi nikakaa na dada mmoja mkubwa, mcheshi, aliyenitazama akaguna. "Wewe ndiye mtoto wa yule mama wa kufungua katikati?" Nikasema ndiyo, nikijua natukanwa. Akatoa daftari lake la hesabu la mwaka uliopita, akanifungulia. Mwanzo, hakuna nyekundu. Mwisho, hakuna. Katikati, kurasa kama kumi hivi, nyekundu tupu. "Jumatano ile, kesho yake mama yako anakuja, hatukufundishwa," akanong'ona. "Walimu wote watatu walijifungia ofisini na madaftari yetu. Walisahihisha katikati tu."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa tumbaku. Alijua mkono wa mama utaingia wapi, akajaza pale.

Nilitembea kurudi nyumbani nikitafuta namna ya kumwambia. Nikimwambia, kijiji kizima kitamcheka upya, na safari hii watakuwa na haki. Baba atashinda, na ushindi wa baba ulikuwa na maneno mengi. Na nafasi ya bweni ilikuwa imeshapita, hivyo nisingepata hata soksi. Nilipofika nilimkuta mama anapepeta mahindi, akaniuliza, "Enhe, wanafundisha?" Uso wake, ndugu yangu, uso wa mtu aliyegombana na mume, na jirani, na mtoto wake mwenyewe, akisubiri kusikia kama alikuwa sahihi. Nikasema, "Wanafundisha, mama." Nikaenda kuchota maji.

Lakini mimi ni mtoto wa mama yangu. Wiki iliyofuata nilichukua daftari langu nikaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikaamkia, nikaliweka mezani limefunguliwa, hesabu za siku nne hazijaguswa.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, mwalimu. Mama alisema nikuletee tu salamu."

Akalisogeza daftari karibu. "Hajambo mama yako?"

"Hajambo. Amesema atapita."

"Lini?"

"Hajasema siku, mwalimu."

Naapa sikuwa nimetumwa. Nilimwona anavuta droo, anatoa kalamu nyekundu, anavaa miwani. Alisahihisha langu nikiwa nimesimama pale. Kisha akaniambia nikalete ya darasa zima. Nilipotoka ndipo nilipoelewa kwa nini: hakujua mama atachomoa la nani.

Miaka minne, kila Ijumaa, mwalimu mkuu alisahihisha hesabu zetu sote. Wakati mwingine akiwa na udongo wa shamba kwenye kucha, wakati mwingine anasinzia mpaka alama ya vema inateleza nje ya ukurasa. Akichoka, akiruka wiki, nilipita karibu na ofisi. "Mama hajambo?" ananiuliza mwenyewe. "Hajambo mwalimu, anajiandaa kuja." Nilikuwa mwongo mbaya kabisa, na sijatubu. Mwaka tuliomaliza, wasichana saba tulichaguliwa kuendelea kidato cha tano, na kabla ya hapo shule ile haikuwa imetoa hata mmoja. Mama hakuikanyaga tena shule siku zote hizo.

Siri ile niliibeba mpaka mwaka jana. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia, tumekaa uani tunamenya karanga, nikaona sasa ni mzee, baba ameshatangulia, mwalimu mkuu naye ametangulia, hakuna wa kumcheka. Nikamwambia yote. Zile kurasa kumi. Zile salamu za uongo.

Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Ulidhani mama yako mjinga?" akasema. "Tangu mwezi wa tano mpaka wa sita, kalamu moja, rangi moja, mkono haujachoka hata siku moja? Tumbaku ya mabani matatu haitoki rangi moja, mwanangu. Nilijua kabla sijafungua la pili."

Nikaacha kumenya. "Sasa kwa nini ulinipeleka, mama? Ulijua ni uongo, ukanipeleka?"

Akaokota karanga zake taratibu. "Yule wa mjini alinidanganya bila kujisumbua. Aliniona mshamba, akanipa soda. Huyu alikaa na wenzake siku nzima wanahangaika kwa sababu mimi ninakuja. Aliniogopa. Nikasema basi, mtoto wangu akae kwa mtu anayeniogopa. Mengine nilijua utamaliza wewe."

Hayo ndiyo niliyokumbuka jikoni, maharage yakianza kuungua. Siku hizi ukienda kwetu mabani mengi yameanguka, na wachambuaji wa aina ya mama wamezeeka, watoto wao wako mjini wanaendesha bodaboda au kama mimi wanafundisha. Lakini hilo silo linalonichoma. Linalonichoma ni madaftari yale ya mezani. Nina wanafunzi mia mbili na kumi. Nasahihisha ya mwanzo wa muhula kwa bidii, nasahihisha ya mwisho wakaguzi wanapokaribia, na hapo kati, nisikufiche, kuna wiki nyingi ambazo najiambia kesho. Niliapa sitakuwa mwalimu wa namna hiyo. Nimekuwa. Nimewaelewa wale watatu waliojifungia ofisini kuliko nilivyopenda kuwaelewa.

Nilirudi sebuleni nikamwambia mume wangu sawa, tusibishane tena. Mtoto aje kwangu, kwa sharti moja: yeye baba mtu awe anakuja shuleni kunikagua, bila kuniambia siku. Alicheka. Akadhani namtania. Akasema yeye ana kazi zake, na kwani mimi si mke wake, kuna haja gani ya kukaguana? Kisha akanionyesha kwenye simu video ya shule ya binafsi, watoto wanaimba, wazazi mia na kitu wameweka alama ya kupenda, hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu.

Miaka kumi na moja nimefundisha. Wazazi wamekuja kulalamikia michango, wamekuja kwa sababu mtoto amechapwa, wamekuja kuomba ruhusa ya msiba. Hajaja mmoja akavuta benchi, akasema mwalimu, niletee madaftari. Nikisikia hatua kwenye korido hufunika rundo langu kwa mkono, halafu mtu anapita, anakwenda zake. Namngoja mzazi huyo. Siku akija nitamchukia, najijua. Lakini namngoja, maana bila yeye, jibu la lile swali la mume wangu, kama ningempeleka mtoto kwangu, ni hapana.